Shati linalopima moyo litapita kwa mama fua kwanza

Mwanzoni mwa 2025 watafiti wa MIT, chuo cha teknolojia kilicho karibu na Boston, Marekani, wakiongozwa na Yoel Fink, walichapisha katika jarida la Nature maelezo ya uzi mmoja wenye kompyuta ndani yake. Uzi huo unahisi, unahesabu, unatuma taarifa kwa simu, unanyumbuka kwa zaidi ya asilimia 60 ya urefu wake na, kwa maelezo yao, unafulika kwa mashine. Habari za aina hii hazikawii kufika kwenye simu za wanafunzi wa uhandisi wa Eldoret na wahudumu wa afya wa Kisumu, na kila zinapofika huzua kambi mbili zile zile. Kambi ya kwanza inashangilia: zahanati isiyo na daktari itamvalisha mgonjwa shati, na daktari wa Russia ausome moyo wake bila kutoka ofisini. (Russia, kwa msomaji wa mbali, ndivyo tunavyoiita hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, kwa kuwa Wasovieti ndio walioijenga.) Kambi ya pili inacheka: watu wanakosa dawa za maumivu, nyinyi mnawaletea fulana yenye kompyuta. Pamoja na kurushiana maneno, kambi hizi zinakubaliana jambo moja bila kulitamka, kwamba ufundi umekwisha na kilichobaki ni bei.

Mimi nadhani ufundi haujakwisha, na sehemu iliyobaki ndiyo inayotuhusu sisi kuliko watu wa Boston. Kitakachoamua kama nguo ya kupima afya itafaa mitaa yetu ya Nyalenda, Bondeni au Langas si kompyuta iliyo ndani yake wala programu ya simu. Ni ule uzi unaopitisha umeme, na kama utabaki kuupitisha baada ya miezi sita ya ufuaji wetu. Vipimo vinavyoipa nguo sifa ya kufulika viliandikwa kwa ajili ya mashine na sabuni laini. Kwa hiyo neno hilo likichapwa kwenye lebo halituambii chochote kuhusu beseni, na mpaka tutakapokuwa na kipimo chetu cha ufuaji, hatuna msingi wa kushangilia wala wa kucheka.

Historia ya jambo hili ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1996 Sundaresan Jayaraman na wenzake wa Georgia Tech, kwa fedha za jeshi la majini la Marekani, walianza kufuma fulana iliyokusudiwa kumpima askari mapigo ya moyo na kuonyesha risasi imempata wapi. Ni karibu miaka 30 sasa, na fulana ya namna hiyo bado si kitu cha kawaida madukani. Google na Levi's walitangaza mradi wao wa Jacquard mwaka 2015, na mwaka 2017 wakaanza kuuza koti la denimu lenye nyuzi za umeme kwenye mkono mmoja, kwa dola 350. Koti hilo liliahidiwa kuvumilia kufuliwa mara 10. Kwa mtu anayefua kila Jumamosi, hiyo ni zaidi kidogo ya miezi miwili. Mradi ulifungwa mwaka 2023. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Texas, walishona uzi wa mirija midogo sana ya kaboni kwenye fulana kwa mshono wa zigizaga ili uvutike pamoja na kitambaa, wakapata mchoro mzuri wa umeme wa moyo. Waliusokota uzi ule kwa kifaa cha kutengenezea kamba za vimeli vya mfano, jambo linalonipa moyo kila ninapoambiwa kwamba utafiti huanza na maabara ya mabilioni. Lakini katika hadithi zote hizi hakuna mahali vihisi vilipokuwa kikwazo kikuu. Vihisi vilikuwepo tangu zamani. Kilichokuwa kikikosekana ni uzi unaokubali kuishi maisha ya nguo.

Inafaa kueleza kwa nini. Uzi wa bei nafuu unaopatikana leo ni wa nailoni uliopakwa madini ya fedha. Fedha inapitisha umeme kuliko metali yoyote nyingine, lakini mpako wake mara nyingi hauzidi maikromita moja (sehemu ya elfu ya milimita), ilhali unywele wa mtu una kama 70. Nailoni ikivutwa inarefuka. Fedha hairefuki kiasi hicho, inapasuka. Uzi wa chuma cha pua haupasuki hivyo na unavumilia maji, ila ukinzani wa chuma hicho, yaani kiasi kinavyouzuia umeme, ni zaidi ya mara 40 ya ule wa fedha, tena ni mgumu na unachoma ngozi. Plastiki zinazopitisha umeme, ambazo ugunduzi wake wa 1977 uliwapa Heeger, MacDiarmid na Shirakawa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2000, ni laini na zinapendeza kwenye ngozi, lakini baadhi yake, kama polianilini, hupoteza uwezo zikikutana na ukali wa sabuni. Kaboni haipati kutu. Tatizo lake ni gharama na uhaba. Kwa hiyo hakuna uzi ulio bora kwa kila hali. Kila mmoja una adui wake, na swali la maana ni adui gani wanaishi kwenye beseni letu.

Mtazame mama fua wa Manyatta, Kisumu, akiwa kazini. Analoweka nguo kwa maji ya Omo, wakati mwingine usiku kucha. Nyeupe anazitia Jik, dawa ya kung'arishia. Anachukua shati, analipaka sabuni ya kipande kwenye kola na kwapa, kisha anakunja kitambaa juu ya vifundo vya mkono mmoja na kukisugua kwa mkono mwingine, sehemu ile ile, mpaka uchafu utoke. Akishasuuza, analishika shati ncha mbili na kulisokota mpaka liwe kama kamba, tone la mwisho litoke. Analikung'uta kwa kishindo, analianika juani, pengine juu ya seng'enge, na jioni linapigwa pasi ya makaa isiyo na kidhibiti cha joto. Sasa ufuate uzi wa fedha katika safari hiyo. Klorini ya Jik inaishambulia fedha yenyewe. Kusugua juu ya vifundo kunaukwangua mpako, na kola na kwapa, mahali panaposuguliwa zaidi, ndipo karibu na kifua na mbavu ambako elektrodi, yaani sehemu zinazougusa mwili ili kuunasa umeme wa moyo, hukaa. Kusokota kunauvuta uzi kupita kiwango chake na kuutia nyufa. Jua linachakaza plastiki iliyowekwa kuulinda. Na pasi ya makaa inaweza kuyeyusha nailoni, basi mambo yameishia hapo. Halafu kuna kiungo, pale uzi laini unapokutana na kifungo kigumu cha kuunganishia betri. Hapo ndipo nguo hizi hukatika mara nyingi zaidi, na hapo ndipo vidole vya mfuaji hushika vizuri zaidi.

Ufuaji si adui pekee. Kisumu jasho haliishi, na jasho lina chumvi. Elektrodi kavu ya kitambaa husoma moyo vizuri ngozi ikiwa na unyevu, kwa sababu umeme wa moyo unaofika juu ya ngozi ni kama milivolti moja tu, na hewa kidogo kati ya uzi na ngozi inatosha kuupoteza. Jasho la Kisumu basi ni rafiki wa usomaji na mlaji wa mpako kwa wakati mmoja. Kwa upande wa Nakuru, nenda Olkaria, ambako mvuke wa ardhini unatoa hewa ya salfa yenye harufu ya mayai viza. Fedha na salfa zikikutana, fedha huwa nyeusi, na weusi huo haupitishi umeme kama fedha safi. Mfanyakazi wa mitambo ile akivaa fulana ya nyuzi za fedha, itazeeka hata kabla haijafuliwa. Sijaona lebo yoyote inayozungumzia hilo.

Hadi hapa mtu anaweza kusema: sawa, nguo itakufa, tutanunua nyingine. Hapa ndipo mjadala wa mtandaoni unapokosea vibaya zaidi. Uzi uliochakaa kwa kawaida haufi ghafla. Kabla ya kufa hupitia kipindi cha kutoa namba zisizo za kweli. Kwa mchoro wa moyo, madhara si makubwa sana. Kipaza mawimbi kizuri hakijali kama ukinzani wa uzi umepanda kutoka omu (kizio cha ukinzani) 5 hadi omu 500, kinachokisumbua ni mguso wa ngozi. Lakini mkanda wa kupima pumzi ni jambo jingine, kwa sababu humo ukinzani wenyewe ndicho kipimo. Mtoto akivuta pumzi, mkanda unanyumbuka, ukinzani unabadilika, kifaa kinahesabu wimbi moja. Mpako ukishakuwa na nyufa, nyufa hizo hufunguka mkanda unaponyumbuka na kujifunga unapolegea, na wimbi moja linaweza kuota kilele cha pili. Kifaa kinahesabu mbili. Chukua mtoto wa miezi minane anayepumua mara 28 kwa dakika, yaani hana neno. Mkanda mbovu unaandika 56. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema mtoto wa miezi 2 hadi 11 mwenye kikohozi akifikisha pumzi 50 kwa dakika, hiyo ni dalili ya nimonia, na kuanzia mwaka mmoja hadi chini ya mitano ni 40. Mtoto mzima anapewa antibiotiki. Sasa geuza upande: mkanda uliolegea unaokosa nusu ya mawimbi utamrudisha nyumbani mtoto mgonjwa. Muuguzi mwenye saa na macho mawili, akihesabu dakika nzima, ni salama kuliko mkanda huo.

Hii ndiyo sababu naona uimara wa uzi ni suala la usalama wa mgonjwa kabla haujawa suala la bei. Na niongeze kidogo, kwa kuwa nimeona matangazo yanayosema kinyume: nyuzi hizi hazipimi presha moja kwa moja. Zinasoma mdundo wa moyo, pumzi, mwendo, joto la ngozi, pengine jasho. Kupima presha bila mkanda wa kubana mkono ni jambo ambalo wataalamu bado wanabishana juu yake. Katika nchi ambayo uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, kuuza shati kwa jina la presha ni kumdanganya mtu mahali panapouma.

Sasa hoja za wanaocheka. Sizidharau. Tangu Septemba 2023 serikali ina wahudumu wa afya ya jamii kama 100,000 waliopewa mikoba yenye mashine ya presha, kipima sukari, kipimajoto na simu. Mwenye kusema shilingi ya ziada iende kwenye kuwalipa watu hao kwa wakati na kujaza vijiti vya kipima sukari ana hoja nzito, na kama ningelazimishwa kuchagua kimoja leo, ningechagua hicho. Lakini hoja hiyo inahusu ununuzi wa leo, wala haisemi kwamba tusijue ubora wa kitu kitakacholetwa kesho. Vifaa vya msaada havingoji tuvichague. Huja na mradi, hupigiwa picha, na mradi ukiisha hubaki kwenye kabati. Anayeogopa fedha kupotea kwenye fulana za kompyuta ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kudai kipimo kinachoweza kuzikataa.

Hoja ya saa za mkononi na vibandiko vya kifuani ni ya kiufundi zaidi. Saa haifuliwi, na kibandiko hutupwa. Kwa mtu anayehitaji kuangaliwa moyo kwa siku mbili baada ya kutoka hospitali, kibandiko kinatosha, tusijidanganye. Lakini ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi, ambao bado unawapata vijana wetu wa magharibi, ni wa miaka, na kibandiko cha kutupa kila wiki kwa miaka ni gharama ambayo familia ya Vihiga haiwezi. Saa nayo inasoma mapigo kwa mwanga kwenye kifundo cha mkono, na haioni pumzi vizuri kama kitu kilichozunguka mbavu. Nguo ina nafasi yake, ndogo kuliko inavyotangazwa.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayotolewa kwa upole zaidi: watumiaji waelimishwe. Eti nguo ije na karatasi ya maelekezo, ifuliwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, isikamuliwe, ianikwe kivulini, isipigwe pasi. Nimeisikia kutoka kwa watu werevu. Kwanza, anayenunua nguo, anayeivaa na anayeifua ni watu watatu tofauti. Mama fua hulipwa kwa nguo kutoka safi. Hakuna atakayemlipa kwa kuacha kola chafu ili kuokoa uzi. Pili, hospitalini maelekezo hayo ni hatari kabisa. Shuka na gauni za wodi hufuliwa kwa joto na dawa ili kuua vijidudu. Miongozo ya Uingereza, kwa mfano, inataka nguo zikae kwenye nyuzi 65 kwa dakika 10 au nyuzi 71 kwa dakika 3, angalau. Nguo isiyovumilia hilo haifai kutoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine. Tatu, hata vipimo vya kimataifa vinasaidia kuuficha udhaifu huu. ISO 6330, kiwango kinachotumika sana kujaribu ufuaji wa nyumbani, kina utaratibu unaoiga kufua kwa mkono. Unafanyika ndani ya mashine, na ni miongoni mwa taratibu zake za upole kabisa. Walioandika waliwaza mkono unaobembeleza sweta la sufi kwenye sinki. Mkono wa Manyatta hawajauona, na wala siwalaumu, kwa kuwa sisi tunaouona kila Jumamosi hatujawaandikia.

Kuna pia wenzetu wenye matumaini makubwa, wanaoona nyuzi hizi zikifufua viwanda. Wanakumbuka kiwanda cha nguo cha KICOMI, Kisumu, kilivyoajiri watu kabla hakijafa, wanaitazama Rivatex ya Eldoret, iliyonunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 na kuzinduliwa upya mwaka 2019 ikiwa na mitambo iliyogharamiwa kwa mkopo kutoka India, na wanauliza kwa nini tusisokote uzi wa umeme sisi wenyewe. Napenda ari hiyo, lakini kupaka nailoni fedha kwa unene ulio sawa kote ni kazi ya kemia yenye mtaji mkubwa na washindani waliotangulia mbali. Rivatex imekuwa na shida ya kutosha kupata pamba. Kinachowezekana mapema ni kupima. Chuo cha Moi kinafundisha uhandisi wa nguo, na ndicho kilichokinunua kiwanda. Hospitali za rufaa ziko Eldoret, Kisumu na Nakuru. Mafundi cherehani wa soko la Kibuye, Kisumu, wanajua tayari mambo ambayo hayamo kwenye makala za kisayansi. Uzi wa metali, kwa mfano, ukipitishwa kwenye sindano hukatika au kuchubuka, lakini ukiwekwa kwenye bobini unatulia.

Jaribio lenyewe halihitaji mkopo kutoka nje. Vipande vya kitambaa vilivyoshonwa nyuzi za aina nne au tano. Beseni, sabuni ya kipande, Omo, Jik, kamba ya kuanikia. Multimita ya kupimia ukinzani. Mama fua kadhaa, wakilipwa kama wafanyakazi wa utafiti na wakiachwa wafue wanavyofua siku zote. Ukinzani upimwe kitambaa kikiwa kimelala na kikiwa kimevutwa, kabla na baada ya kila ufuaji, mpaka mara 50, ambayo ni kama mwaka mmoja wa shati la Jumamosi. Nusu ya vipande ifuliwe Kisumu na nusu Nakuru, kwa sababu maji, joto na hewa si sawa. Sehemu ngumu itakuwa kukubaliana namba ya kukataa: ukinzani ukipanda mara ngapi, au kilele cha pili kikionekana kwenye mawimbi mangapi kati ya mia, nguo ihesabiwe imekufa hata kama taa yake bado inawaka. Hilo haliwezi kuamuliwa na mhandisi peke yake. Daktari wa watoto lazima awe mezani, kwa kuwa ndiye anayejua kosa la pumzi ngapi linabadilisha dawa.

Namba hiyo ikishapatikana, ina kazi tatu za haraka. Shirika la Viwango la Kenya linaweza kuigeuza kuwa kiwango, na Bodi ya Dawa na Sumu, inayosimamia vifaa vya matibabu, ikaidai kabla ya kuidhinisha nguo yoyote inayodai kupima afya. Kaunti zinaweza kuiandika kwenye zabuni, ili bei ilinganishwe kwa kila ufuaji badala ya kwa kila nguo. Hapo fulana ya bei nafuu inayokufa baada ya mara 10 itaonekana ghali kuliko ya mara tatu ya bei inayofika 50. Na inatufungulia swali ambalo Sheria ya Kulinda Data ya 2019 imeligusa inapotaka taarifa za mtu ziwe sahihi: nguo iliyochakaa ikituma namba za uongo kuhusu mfanyakazi wa maua Naivasha, na mwajiri akazitumia kumwondoa kazini, nani atajibu, aliyeuza shati, aliyezisoma namba, au tutaambiwa tena kwamba mama fua alitumia sabuni kali?